Fuata dagaa wake: kuvua waiti basi kwenye baridi ya Texas

Kwanza tumalizane na hili la jina, manake kila nikirusha picha kwenye grupu la familia linaanza upya. Samaki anaitwa waiti basi. Sio basi la abiria na sio ile "basi" ya imetosha. Mwaka juzi nilimpigia mama Kigoma nikamwambia leo nimepata basi kumi na nane, akanyamaza kidogo halafu akauliza, za kwenda Tabora au za Mwanza? Tangu siku hiyo kwetu mimi ndo yule mwenye kampuni ya mabasi Marekani.

Wenyeji wa huku wenyewe hilo jina hawalitumii sana. Wao wanamwita sendi basi, yaani wa mchanga, au sendi tu, na ukivuka mto Red kwenda kaskazini ukaingia Oklahoma huyo ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu 1974. Si samaki mkubwa. Wengi unaowapata ni inchi 11 mpaka 14, pauni moja na ushee, ubavu wa fedha una mistari myembamba myeusi kama imechorwa na penseli, mgongo umeinuka kidogo. Lakini ana nguvu kuliko mwili wake na hatembei peke yake, ukimpata mmoja ujue wenzake wapo hapo hapo, na sheria ya jimbo inakuruhusu 25 kwa siku kwa mtu mmoja, ila kila mmoja asipungue inchi 10. Ishirini na tano! Mimi nimekua nyumba ambayo siku isiyo na samaki tulikuwa tunaulizana nani kaumwa, kwahiyo hiyo namba niliposoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili.

Naishi mashariki mwa Dallas, nafanya kazi ghala zamu ya usiku, na ziwa langu ni Ray Hubbard, robo saa kwa gari. Usisikie ziwa ukafikiria Tanganyika. Hili ni bwawa, tawi la mto Trinity lilizuiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili jiji la Dallas lipate maji, ekari kama 22,000, na pale penye kina kirefu kabisa ni futi 40 hivi. Tanganyika ni mita 1,470. Siku ya kwanza naliona nilicheka peke yangu, nikasema hapa samaki atajificha wapi.

Alijificha miaka miwili.

Tatizo lilianzia kwenye kiangazi, manake kiangazi sendi ni samaki wa mtoto mdogo. Jioni ziwa limetulia, ghafla unaona maji yanachemka sehemu moja, visamaki vinaruka juu kama mtu kamwaga misumari kwenye bati, hao ni sendi wanakula, wewe unatupa chochote kinachong'aa unavuta haraka haraka na mkono unakazwa. Ukikosa hapo wewe una mkosi. Nikazoea hivyo, nikajiona mvuvi, si nimezaliwa ziwani bwana, damu ya uvuvi ninayo. Halafu ikaingia Novemba, majani yakadondoka, na ziwa likawa kimya kama nyumba waliyohama. Nikarudi mahali pale pale, na chambo kile kile, navuta vile vile. Hamna. Desemba hamna. Januari nimesimama ukingoni vidole vimekufa ganzi siwezi hata kufunga ndoano, hamna. Nikauliza kazini, jamaa mmoja akaniambia kwa sura ya mtu anayejua kabisa kwamba samaki wa huku wakati wa baridi wanalala kama dubu mpaka Machi. Na nikaamini! Baridi ya mwaka wa pili sikutoka kabisa, nikakaa ndani nakula kuku.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja Mkongo wa Uvira, sote tunamwita Papa tu. Tulikutana duka la vyakula vya nyumbani, tumesimama mbele ya mfuko mmoja wa dagaa wakavu, mimi nauita dagaa yeye anauita ndagala, na bei yake wote wawili imetuuma roho. Tukaanza kuongea. Akaniuliza kwetu wapi, nikasema Kigoma, akacheka akasema basi sisi ni majirani, kati yetu ni maji tu. Samaki ninayemwita mgebuka yeye anamwita mukeke. Nikamlalamikia habari ya sendi, kwamba baridi wanapotea, akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwana, kwenu Kigoma mukeke unamutafutaka wapi?"

Nikamwambia hatumtafuti mgebuka, tunamfuata dagaa, dagaa akipatikana mgebuka yupo karibu.

"Na hapa, ndagala iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili nimemtafuta sendi na sijawahi hata siku moja kujiuliza chakula chake kimeenda wapi. Mtoto wa Kigoma! Pale kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua mitumbwi ikitoka usiku wa giza na taa zake inaenda kumvuta dagaa apande juu, na migebuka inakuja nyuma yake kama watoto nyuma ya muuza ubuyu. Hiyo elimu nilikuwa nayo kichwani siku zote, ila niliiacha airport nikadhani huku ni dunia nyingine.

Dagaa wa huku anaitwa shedi. Wapo wa aina mbili zinazohusika. Kuna mkubwa mkubwa anayevumilia, na kuna mdogo wa urefu wa kidole, pezi lake la mgongoni lina uzi mmoja mrefu umening'inia nyuma, huyu ndiye kipenzi cha sendi na huyu ndiye baridi inamuua. Sikutanii, inamuua. Maji yakishuka mpaka digrii 7 hivi za Selsiasi anaanza kulegea, anaogelea kama mlevi, na yakishuka zaidi ya hapo yakakaa siku kadhaa wanakufa wengi kweli, utawakuta wamejipanga ukingoni weupe. Sasa huyu kiumbe akihisi juu kunapoa anafanya nini, anashuka chini ambako joto halibadiliki badiliki, anajikusanya na wenzake kwenye mashimo. Na sendi yupo pale pale chini yao, hana haja ya kufukuza mtu, anasubiri tu. Shedi anayezidiwa anashuka taratibu huku anatetemeka, anazama, anatetemeka, anazama, na mwenye njaa anafungua mdomo.

Hiyo picha ya shedi anayezama ndio mtaji wote wa uvuvi wa baridi, ntairudia mbele.

Kuna kitu kingine ambacho mimi kilinichukua muda kukielewa, na nakiweka hapa kwa sababu watu wa maziwa ya kwetu tunakosea hapa. Tanganyika huko chini kabisa hakuna hewa. Ukipita mita mia moja, mia mbili kutegemea uko upande gani wa ziwa, maji hayana oksijeni, samaki haendi, kwahiyo sisi tumezoea kufikiria samaki ni wa tabaka la juu. Na haya mabwawa ya Texas kiangazi ni hivyo hivyo kwa udogo wake, juu maji ya moto, chini maji mazito ya baridi yasiyo na hewa, samaki wanabanwa katikati. Lakini ikija vuli maji ya juu yanapoa yanakuwa mazito, yanazama, upepo unayakoroga, ziwa zima linajichanganya kama chai. Hewa inafika mpaka kwenye tope. Ndo maana baridi sendi anaweza kulala sakafuni kabisa, futi 25, futi 30, 35, mahali ambapo Julai asingeweza kukaa. Tanganyika haijichanganyi hivyo mpaka chini. Mimi ukingoni nilikuwa natupa kwenye futi 6 nashangaa.

Tukapanga Jumamosi. Papa ana boti la bati la futi 16, mkono wa pili, injini inakohoa kabla ya kuwaka kama mzee anayeamka. Ilikuwa katikati ya Januari, digrii 1 asubuhi, barafu nyembamba kwenye kamba za boti. Mimi nimevaa suruali mbili, soksi tatu, jaketi la kazini, na bado nilikuwa natetemeka. Papa amevaa kofia ya sufu na koti la mvua juu ya sweta, anakunywa chai ya tangawizi kwenye chupa, na cha kwanza kunipa sio rodi, ni jaketi la kuelea. Nikataka kumwambia najua kuogelea. Akasema kwa upole kwamba kuogelea ni kwa maji ya kwetu, haya ya hapa yakikushika kifua kinabana unavuta pumzi bila kutaka, dakika chache mikono haifanyi kazi, mwogeleaji na asiyeogelea wanakufa sawa. Nikavaa. (Mwezi uliofuata niliteleza pale pa kushushia boti, ni utelezi wa ukungu wa kijani kwenye zege, nikaingia mpaka kiunoni. Kiunoni tu, na nilipiga kelele kama mtoto anayetahiriwa. Sijawahi tena kumbishia.)

Hakuenda moja kwa moja kuvua. Alizima injini katikati ya ziwa akakaa anaangalia juu. Anaangalia ndege. Baridi hapa wanashuka ndege kutoka kaskazini, shakwa wengi kabisa, minandi weusi, mwari weupe, na ndege mmoja mkubwa mzamiaji anaitwa luni, anaonekana kama bata aliyekasirika. Sasa shakwa peke yake hana maana, shakwa aliyekaa juu ya maji amepumzika tu kama sisi kijiweni. Unamtafuta shakwa anayeruka sehemu moja, anazunguka, anainama anaangalia chini, na hasa ukiona wamezunguka juu ya luni au minandi wanaozama na kuibuka. Manake yule mzamiaji anawasumbua shedi huko chini, wengine wanakimbilia juu, shakwa anaokota. Shakwa ananyang'anya jasho la mwenzie na wewe unakuja kunyang'anya la wote. Nilipoona hivyo nilijisikia niko nyumbani kabisa, si hata kwetu ndege ndo wanakuonyesha.

Tukaenda taratibu, injini unaizima mbali usiwavuruge. Kwenye kile kioo cha kuonyesha samaki ikatokea mawingu, madoa mengi yamesongamana futi 20 mpaka 24, hao shedi. Na chini yake, yamelala karibu na sakafu kama nafaka imemwagika, vistari vifupi vifupi. Papa akagusa kioo na kidole. "Banalala, lakini haiko usingizi."

Hapo tulikuwa juu ya kilima cha chini ya maji, na hili nalo ujue, sendi wa baridi hakai popote tu. Haya mabwawa yalikuwa ni nchi kavu, kuna mito ya zamani huko chini, kuna barabara, kuna madaraja yaliyofunikwa, kuna vilima. Anapenda pale ambapo tambarare inakutana na ukingo wa mto wa zamani, anakaa juu anateremka anapanda, na anapenda nguzo za madaraja, Ray Hubbard ina lile daraja la barabara kuu ya I-30 watu wanavulia pale mwaka mzima. Ramani ya kina ipo kwenye simu siku hizi, ukikaa nayo jioni moja na chai unaweza kujiwekea alama sehemu tano kabla hujatoka nyumbani. Kama hamna ndege siku hiyo unapita alama moja baada ya nyingine, dakika kumi kumi, kioo hakionyeshi kitu unaondoka. Kosa la wengi ni kukaa sehemu nzuri isiyo na samaki. Mimi nilikaa miaka miwili.

Chambo ni kipande cha risasi bapa kama samaki mdogo, rangi nyeupe au fedha, kina ndoano, wenyewe wanaita slabu. Papa anatumia cha robo tatu ya aunsi, upepo ukiwa mkali cha aunsi moja. Unakishusha wima chini ya boti mpaka kiguse sakafu. Mimi nikashusha, kikagusa, nikaanza kukirusha juu chini juu chini kama nilivyozoea. Papa kimya. Akavuta mmoja. Akavuta wa pili. Wa tatu. Mimi narusha. Alipofika wa tisa na mimi sina hata mmoja, boti moja, futi sita kutoka kwake, chambo sawa rangi sawa, nikaanza kufikiria habari za uchawi wa Uvira.

"Mwana, unakimbizaka nini?"

Nikasema navua.

"Hapana, unacheza ngoma. Na huyu samaki leo hacheze."

Akanishika mkono, kweli alinishika mkono kama mwalimu anayemfundisha mtoto kuandika. Kiguse chini. Zungusha rili nusu tu, kiinuke kidogo toka kwenye tope. Inua ncha ya rodi futi moja, taratibu, halafu iteremshe taratibu zaidi, usiiachie ikaanguka, mshipi usilegee kabisa wala usikaze, kishuke kinatetemeka. Kama shedi anayekufa. Halafu subiri. Hesabu mpaka tano. Kinachofuata sio kugongwa kama kiangazi, sahau hiyo, kinachokuja ni kama mshipi umepata uzito, kama umenasa kitambaa kilicholowa, au saa zingine unateremsha na chambo hakifiki chini ilhali kilitakiwa kiwe kimeshafika, kuna mtu amekishika njiani. Hapo ndo unainua kwa nguvu. Mara ya kwanza niliinua nikakutana na kitu hai, rodi ikainama, nikasahau baridi yote.

Sababu yake ni rahisi ukiijua. Samaki damu yake inafuata maji. Maji yakiwa digrii 8 mwili wake umepoa, tumbo linasaga polepole, alichokula jana bado kipo, hana haja ya kukimbiza kitu na nguvu hana. Lakini kitu kinachoanguka mbele ya pua yake bila jasho anakila. Na uzuri wa baridi, ambao watu hawausemi, ni kwamba kwa sababu wanajikusanya hivyo, ukiwapata umepata soko zima. Kiangazi unawafukuza, kundi linaibuka hapa linazama linaibuka kule. Januari wamelala chini yako saa nzima kama unajua kutulia. Tukishika mmoja au wawili wa haraka kundi lote linaamka kidogo, hapo unaweza kuongeza mwendo kidogo, ukiona wamepoa unarudi taratibu tena. Siku ile tulitoka na 31, mimi tisa, yeye waliobaki, na sikuwa na la kusema.

Kuhusu hali ya hewa. Texas wana upepo wao wa kaskazini, unaitwa noza, ni kitu ambacho usipokiona utasema nadanganya. Unaweza kuwa umevaa tisheti saa nne asubuhi, anga la kaskazini linakuwa la bluu nzito, saa tano unatafuta koti, joto limeporomoka digrii 15 ndani ya muda mfupi. Kabla noza haijafika, ile siku upepo wa kusini unavuma na mawingu yanashuka, samaki wanakula kama wanaenda safari. Ikishapita, anga linakuwa safi zuri la kupiga picha, jua kali, na samaki wanafunga mdomo siku moja mbili. Watu wengi wanaona jua wanasema leo ndo siku. Sio siku, kaa nyumbani fua nguo. Mimi naangalia upepo, nikiona kusini siku mbili mfululizo na zamu hainibani, naenda.

Ile Februari 2021 ilikuwa kitu kingine, baridi ilikata umeme sehemu kubwa ya jimbo, uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth tarehe 16 ulifika digrii 19 chini ya sifuri. Sikuvua bila shaka. Nilichofanya ni kutoa samaki wote kwenye friza iliyokufa nikawaweka barazani kwenye theluji ndani ya boksi na jiwe juu, na hawakuharibika hata mmoja. Friza kubwa kuliko zote niliyowahi kumiliki.

Habari za sheria nazipitia haraka lakini usizipuuze. Leseni ya maji baridi kwa mkazi ni dola 30, na hata uinunue mwezi gani inaisha Agosti 31, kwahiyo nunua Septemba. Chini ya miaka 17 hawahitaji. Boti ukiitoa majini unamwaga maji yote kabla hujaondoka, ni sheria jimbo zima, sababu ni kombe wadogo wenye milia wanaosafiri na maji wakaharibu ziwa lingine. Na kitu ambacho kinaweza kukugharimu faini, kuna ndugu wa sendi, chotara wa sendi na basi mkubwa mwenye mistari, wanawazalisha makusudi na kuwamwaga kwenye mabwawa. Akiwa mdogo wanafanana sana. Huyo chotara sheria yake ni inchi 18 kwenda juu na watano tu kwa siku. Sasa una ndoo ina samaki ishirini wa inchi 13 na watatu kati yao ni chotara, askari wa wanyamapori akija wewe una kesi. Mistari inadanganya, ya chotara inakatika katika lakini sio kila mara. Ulimi haudanganyi. Pitisha kidole kwenye ulimi wake nyuma huko, sendi ana kiraka kimoja cha vijino kama msasa, chotara ana viwili. Tulishawahi kukaguliwa na askari, kijana mpole, akafungua boksi akaanza kupima, Papa akamfungulia samaki mdomo mmoja mmoja kama daktari wa meno. Yule kijana mwishoni alisema hajawahi kuona mtu anamkagulia.

Baridi yenyewe ina mwisho, na mwisho wake ni karamu. Kuanzia Februari hivi maji yakianza kupanda kuelekea digrii 13 mpaka 16, sendi wanaacha mashimo wanaelekea midomo ya mito, wanapanda juu kutaga. Madume yanatangulia, saa zingine hata mwezi mzima kabla ya majike, yanakaa kwenye maji yanayokimbia juu ya kokoto yanasubiri. Jike mmoja anaweza kumwaga mayai robo milioni mpaka karibu milioni, yananata kwenye mawe, na baba na mama wanaondoka, hakuna wa kulea. Hawaishi muda mrefu pia, wengi miaka mitatu minne, ndo maana wanaruhusu 25, ni samaki wa kuja kwa wingi na kuondoka kwa wingi. Sehemu maarufu ni mto Colorado juu ya ziwa Buchanan, pale hifadhi ya Colorado Bend, kutoka Dallas ni safari ya masaa kadhaa kusini magharibi, watu wanasimama mtoni mpaka magotini wamepangana kama mferejini. Wenyeji wanaangalia mti mmoja unaotoa maua ya waridi kabla ya majani, ukichanua wanasema sendi wako njiani. Walioko Ohio, kwenu ni mto Maumee unaoingia ziwa Erie, lakini nyie mnasubiri mpaka Mei, poleni.

Mimi kwa kweli napenda zaidi Januari. Mtoni Machi kuna kelele, mtu anakukata mshipi, watoto wanarusha mawe. Januari ziwani ni sisi wawili, luni, na yule jamaa mmoja mwenye boti la bei mbaya anayepita mbio kila Jumamosi anapunga mkono bila kusimama. Siku moja alisimama. Akauliza tunatumia nini, Papa akamwonyesha ile slabu iliyochubuka rangi yote, jamaa akaangalia vioo vyake vitatu vikubwa kama televisheni, akaondoka.

Jikoni sasa. Sendi ana mstari wa nyama nyekundu ubavuni chini ya ngozi, huo ndo unafanya watu waseme ananuka. Mchune ngozi, kata ule mwekundu wote utupe, nyama inayobaki ni nyeupe na imekaza. Waache kwenye barafu tangu majini, sio kwenye ndoo ya maji mpaka jioni. Wamarekani wanaviringisha kwenye unga wa mahindi wa njano wanakaanga, na nakubali ni tamu, ila kula samaki aliyepakwa ugali badala ya kula na ugali bado kunanichanganya. Mke wangu anawakaanga wakavu, halafu anawarudisha kwenye mchuzi wa nyanya na mawese, mawese tunapata duka lile lile, siku hiyo majirani wanajua tumepika nini.

Vichwa anachukua Papa. Vyote, hata vya kwangu, na hilo hakuna mjadala.